Mtoto ana kanula mkononi: linganisha mikono yote miwili

Bibi mmoja alishuka zahanati asubuhi na mjukuu wake mgongoni. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache. Alikuwa anatibiwa nimonia, na siku mbili kabla alikuwa ameruhusiwa kulala nyumbani akiwa na kanula mkononi, ili arudi kila siku kuchomwa dawa. Saa ya dawa ilikuwa bado. Bibi akaniambia, "Nesi, huyu mtoto mkono wake mmoja si mwenzake."

Nikafungua bandeji. Kiganja kilikuwa kimevimba mpaka vidole vimekuwa kama ndizi changa, ngozi imenyooka inang'aa. Kanula ilikuwa imetoka ndani ya mshipa, na dawa ilikuwa inaingia kwenye nyama. Tuliitoa, tukainua mkono, tukamwangalia kwa saa kadhaa. Baada ya siku chache mkono ulirudi kuwa kama kawaida.

Siku ile nilijifunza jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Mimi ndiye niliyezungumza na mama yake siku anaruhusiwa. Nilimweleza saa za dawa, nikamwambia asiiloweshe kanula, lakini sikumwonyesha namna ya kuukagua mkono. Bibi hakufundishwa na mtu. Aliulaza mkono mmoja karibu na mwingine, akauona umetofautiana.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya mama, baba, bibi na kila mlezi anayemuuguza mtoto mwenye kanula, wodini au nyumbani.

Kanula ni nini hasa?

Kanula ni mrija mdogo laini wa plastiki unaoingizwa ndani ya mshipa wa damu. Wakati wa kuuweka, mrija huo huongozwa na sindano ya chuma. Mrija ukishaingia, sindano ya chuma hutolewa na kutupwa, na kinachobaki mkononi ni plastiki laini peke yake. Akina mama wengi huogopa kumshika mtoto wakidhani sindano bado imo ndani. Haimo. Unaweza kumbeba, kumnyonyesha na kulala naye.

Kanula zina rangi tofauti kulingana na unene wake. Watoto wengi huwekewa ya njano au ya bluu, kwa sababu hizo ni nyembamba. Ya pinki, ya kijani na ya kijivu ni nene zaidi.

Watu wengi wanaolazwa huwekewa kanula. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaolazwa hospitalini huwekewa mrija wa namna hii kwenye mshipa wakati fulani wakiwa huko. Mei 2024 shirika hilo lilitoa miongozo ya kuzuia maambukizi ya damu yanayoanzia kwenye mirija hii. Mrija huu unaokoa maisha, lakini pia ni mlango uliofunguliwa kwenye ngozi, na mlango ulio wazi unahitaji mlinzi.

Mkono una mishipa ya aina mbili

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Utasikia kitu kinadunda. Huo ni mshipa wa ateri. Ateri hubeba damu kutoka kwenye moyo kwenda kwenye vidole. Damu yake ni nyekundu inayong'aa na inakwenda kwa nguvu.

Sasa tazama mgongo wa kiganja chako. Ile mistari ya bluu au kijani unayoiona chini ya ngozi ni mishipa ya veni. Hii hurudisha damu kwenye moyo. Haidundi, na damu yake ni nyekundu iliyokoza.

Dripu na dawa za sindano hupitia kwenye veni. Dawa ikiingia huko, damu huipeleka kwenye moyo, ikachanganyika na damu nyingi kabla ya kusambaa mwilini. Dawa ikiingia kwenye ateri, inakwenda moja kwa moja kwenye vidole ikiwa bado kali. Huko mishipa ni myembamba kama uzi. Inaweza kujikunja na kuziba, na vidole vikakosa damu.

Je, kuna wakati mrija huwekwa kwenye ateri kwa makusudi?

Ndiyo, kwa mgonjwa mahututi. Wagonjwa wetu wa huku Upare wanaozidiwa hupewa rufaa kwenda KCMC, Moshi. Katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali kubwa, daktari anaweza kuweka mrija kwenye ateri ya kifundo cha mkono. Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kupima presha kila mapigo ya moyo, bila kusubiri mashine ya kubana mkono. Ya pili ni kuchukua damu mara kwa mara ili kujua kama oksijeni inatosha, bila kumchoma mgonjwa kila saa.

Mkono una ateri kubwa mbili zinazofika kwenye kiganja, moja upande wa kidole gumba na nyingine upande wa kidole cha mwisho. Ndiyo maana kabla ya kuweka mrija huo unaweza kumwona daktari akibana kifundo cha mkono pande zote mbili mpaka kiganja kinapauka, kisha anaachia upande mmoja. Anaangalia kama ateri ya pili inaweza kulisha kiganja peke yake. Kipimo hicho kilielezwa mwaka 1929 na daktari wa Marekani, Edgar Allen, na bado kinatumika.

Mrija wa ateri hautumiki kupitishia dawa. Huwekewa alama ili mtu asikosee. Kadiri unavyokaa siku nyingi, ndivyo hatari zake zinavyoongezeka:

- Damu kuganda ndani ya ateri na kupunguza damu inayofika kwenye vidole.
- Wadudu kuingia kupitia kwenye ngozi na kufika kwenye damu.
- Kutoka damu nyingi kwa muda mfupi mrija ukilegea au kuchomoka, kwa sababu damu ya ateri ina msukumo.
- Damu kuvilia chini ya ngozi, au ukuta wa ateri kudhoofika na kufanya uvimbe unaodunda.
- Mtu kuchoma dawa humo kwa makosa.

Ukiruhusiwa kumwona mtoto wako akiwa huko, una haki ya kutazama vidole vyake na kuuliza, "Huu mrija bado unahitajika leo?" Swali hilo halimkwazi muuguzi, kwa kuwa na sisi tunatakiwa kujiuliza hivyo kila siku.

Dawa ikiingia kwenye ateri kwa bahati mbaya

Hili hutokea mara chache sana, lakini linapotokea dakika ni za thamani. Mfano unaojulikana duniani ni wa Diana Levine, mwanamuziki wa Vermont, Marekani. Aprili 2000 alikwenda kliniki akiwa na maumivu makali ya kichwa na kichefuchefu. Alichomwa promethazini, dawa ambayo hata huku kwetu inajulikana. Dawa ilikusudiwa kuingia kwenye veni, lakini ikaingia kwenye ateri. Nyama ya mkono ikafa. Madaktari walilazimika kukata kiganja cha mkono wake wa kulia, kisha sehemu ya mkono chini ya kiwiko. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani, ambayo Machi 2009 iliamua upande wake. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliagiza dawa hiyo iwekewe onyo kali zaidi.

Sikuelezi haya ili ukatae sindano. Nakueleza ili ujue kwamba maumivu makali wakati dawa inaingia hayapaswi kupuuzwa. Dalili ni hizi:

- Maumivu makali ya kuunguza yanayoanza ghafla dawa inapoingia, yakishuka kuelekea kwenye vidole. Mtoto mdogo atalia kilio ambacho si chake cha kawaida.
- Vidole au kiganja kupauka, kuwa na mabaka, kugeuka rangi ya bluu au kuwa cheusi.
- Mkono huo kuwa wa baridi kuliko mwenzake.
- Damu nyekundu inayong'aa kurudi kwenye mpira kwa kudunda.

Ukiona hivyo, sema kwa sauti: "Nesi, naomba usimamishe, mkono umebadilika." Usiichomoe kanula mwenyewe. Daktari anaweza kuihitaji ibaki hapo kwa muda ili atibu mshipa huohuo.

Matatizo yanayotokea mara nyingi zaidi

Kanula nyingi tunazowaona nazo watoto wetu ziko kwenye veni. Nazo zina matatizo yake.

1. Kanula kutoka nje ya mshipa. Hili ndilo lililompata mjukuu wa yule bibi. Ncha ya mrija huteleza nje ya mshipa, na dripu au dawa huingia kwenye nyama. Sehemu hiyo huvimba, hukaza na mara nyingi huwa ya baridi. Dripu huenda polepole au husimama. Baadhi ya dawa zikivuja huweza kuunguza nyama na kuacha kidonda.

2. Mshipa kuwashwa. Unaona mstari mwekundu kwenye ngozi, au kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, mstari uliokoza kuliko ngozi ya pembeni. Ukiugusa ni wa moto, unauma na unaweza kuwa mgumu kama kamba.

3. Maambukizi. Sehemu ya kanula inakuwa ya moto, inavimba, inatoa maji au usaha. Hatari kubwa ni wadudu kuingia kwenye damu. Mtoto anapandwa na homa upya wakati alikuwa ameanza kupata nafuu, anatetemeka, anakataa kunyonya au analegea. Mtoto mchanga anaweza kuwa wa baridi badala ya kuwa na homa.

4. Mrija kuziba. Damu huganda ndani yake na dawa haipiti. Asiwepo mtu wa kulazimisha kwa kusukuma kwa nguvu.

5. Bandeji kubana. Hapa mrija hauna kosa, tatizo ni kile tulichofungia. Plasta iliyozungushwa mkono mzima, au kitambaa kilichokazwa ili mtoto asiichomoe, huweza kuzuia damu.

Watoto wenye selimundu na wengine wanaolazwa mara kwa mara huchoka mishipa mapema. Kwao, kuitunza kanula moja vizuri maana yake ni kutokuchomwa nyingine kesho.

Kanula ikae siku ngapi?

Kwa watu wazima, hospitali nyingi hubadilisha baada ya siku tatu au nne. Kwa watoto, kanula huachwa ikiwa inafanya kazi vizuri na haina dalili mbaya, kwa sababu kumchoma upya nako ni maumivu. Lakini mambo mawili hayabadilika. Kanula yenye dalili mbaya hutolewa hata kama iliwekwa jana, na kanula isiyo na kazi hutolewa leo. Mtoto akianza kula na kunywa vizuri, uliza kama dawa inaweza kubadilishwa kuwa ya kunywa.

Namna ya kuukagua mkono

Fanya hivi asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Haichukui dakika mbili. Nawa mikono kwanza kwa sabuni.

Tazama. Toa mkono wa sweta au fulana, uone mkono wote mpaka kwenye bega. Je, kuna uvimbe, wekundu, usaha, damu au plasta iliyoloa?

Gusa. Kwa mgongo wa vidole vyako, gusa juu ya kanula, chini yake na kwenye vidole vya mtoto. Kuna joto, baridi au ugumu? Analia ukigusa?

Bonyeza. Bonyeza ukucha mmoja taratibu kwa sekunde tano mpaka upauke, kisha achia. Rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili, tatu.

Linganisha. Laza mikono yote miwili pamoja juu ya kanga. Je, imelingana?

Hatua hii ya mwisho usiiruke, hasa huku Msangeni. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu ukishuka, mikono ya kila mtoto inakuwa ya baridi. Ukigusa mmoja tu utasema ni hali ya hewa. Ukigusa yote miwili utajua. Baridi ya hali ya hewa hukamata mikono yote, na baridi ya mshipa uliozibwa hukaa kwenye mkono mmoja.

Nyumbani, fanya hivi

- Weka mkono mkavu. Mwogeshe kwa kumpangusa, mkono wenye kanula ukiwa nje ya maji.
- Mvishe nguo yenye mkono mpana. Anza kuvisha mkono wenye kanula, na wakati wa kuvua umalizie na huo.
- Bandeji ikiloa au ikibanduka, rudi kituoni ibadilishwe. Usiongeze plasta juu ya iliyochafuka.
- Asiwepo mtu wa kuchoma dawa kwenye kanula isipokuwa mhudumu wa afya. Usisukume humo maji, dawa ya kunywa wala kitu kingine chochote.
- Usipake mafuta, asali, majivu wala majani. Usikande kwa maji ya moto kabla mkono haujaonwa, maana kuna dawa ambazo zikivuja, joto huzidisha madhara.
- Usifunge kitambaa kwa kukaza.

Kanula ikichomoka, usihangaike kuirudisha. Bonyeza pale kwa kitambaa safi kwa dakika tano bila kufunua, mkono ukiwa juu. Kisha mpeleke kituoni. Damu ikiendelea kutoka au ikiruka kwa kudunda, endelea kubana kwa nguvu bila kuachia, na mwondoke saa hiyohiyo.

Usisubiri kesho ukiona hivi

- Vidole vimepauka, vimekuwa vya bluu, vyeusi au vya baridi kwenye mkono mmoja.
- Uvimbe unaongezeka, au ngozi ina malengelenge.
- Usaha, au mstari mwekundu unaopanda mkono.
- Homa mpya, kutetemeka, kulegea, kukataa kunyonya.
- Damu isiyokatika.
- Mtoto hachezeshi vidole, au analia bila kunyamaza mkono ukiguswa.

Kwetu milimani, kusema "nenda haraka" ni rahisi kuliko kwenda. Wakati wa masika barabara inateleza, na usiku bodaboda hazipatikani kila mahali. Kwa hiyo panga kabla hujatoka kituoni. Uwe na namba ya simu ya mhudumu wa zahanati na ya dereva mmoja unayemwamini, weka nauli pembeni, na mwambie baba wa mtoto au jirani kuwa kuna kanula ndani ya nyumba. Kama njia yako ni ndefu na huna uhakika wa kurudi usiku, mweleze muuguzi. Ni afadhali mtoto abaki wodini siku moja zaidi.

Maswali matano kabla ya kuruhusiwa

1. Kanula hii bado ina kazi gani?
2. Iliwekwa lini? Naomba uandike tarehe kwenye plasta.
3. Nirudi lini, saa ngapi, na nani ataitoa?
4. Nikiona mkono umebadilika usiku, nimpigie nani?
5. Naomba unionyeshe namna ya kuukagua, kisha nikuonyeshe na mimi.

Swali la tano ndilo nililomnyima yule mama. Siku hizi mtoto hatoki mikononi mwangu na kanula kabla mlezi wake hajailaza mikono miwili pamoja mbele yangu na kuniambia anachokiona. Wengine huona haya kidogo na kusema, "Nesi, mimi sijasoma hayo mambo." Nawajibu kwamba wewe ndiye uliyekata kucha za mikono hiyo tangu siku ya kwanza. Ikitofautiana, utajua kabla yangu. Ukijua, njoo, hata kama saa ya dawa bado.